Askari wa Risasi Tuliyemzika Lumino

Nimewahi kulia hadi sauti ikakauka kwenye mazishi ya mtu mwenye urefu wa kidole cha kati.

Msicheke kwanza.

Kulikuwa na turubai. Kulikuwa na masufuria ya posho, ugali wetu wa mahindi, na nyama, kwaya ya akina mama, mchungaji na kipaza sauti chake kinachokoroma. Kaburi lilichimbwa kina kamili cha mtu mzima. Na ndani ya sanduku la mbao, juu ya shuka jeupe, alilala askari mmoja mdogo wa risasi niliyemfinyanga na kummimina kwa mikono yangu hii.

Nilinyolewa nywele kwa ajili yake.

Mimi si mzungumzaji. Ukinikuta penye watu, nitakuwa yule aliyeachiwa ashike mikoba ya wenzake. Lakini jambo hili limenikaa kooni, na kwangu kuandika ni rahisi kuliko kufungua mdomo. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Langu nimeliacha, maana mimi sina ninachokificha.

Naitwa Winfred. Nyumbani ni Merikit, kwa mzee Opolot. Nilisomea ualimu, somo langu likiwa sanaa, na sasa nafundisha shule moja ya msingi mjini Tororo, upande ule vumbi la saruji linapoamua kukusalimia asubuhi kabla ya jirani.

Wengine jioni hutazama tamthilia. Mimi hutengeneza askari.

Askari wadogo, wa kusimama mezani. Huanza na udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wa kinamasini. Namchonga askari taratibu kwa kijiti na sindano: kofia, mkanda, kamba za viatu, mpaka mkunjo wa suruali gotini. Akikauka namlaza kwenye plasta nyeupe, nusu hii, halafu nusu ile. Nikimtoa, plasta inabaki na umbo lake ndani. Hiyo ndiyo kalibu. Naikausha vizuri, naipaka poda ya mtoto ili chuma kisigande, nafunga nusu mbili kwa mpira, kisha namimina ndani risasi iliyoyeyuka, ile metali laini ya kijivu.

Risasi naipata kwa mafundi wa matairi. Vile vipande wanavyogonga kwenye ringi ili gurudumu lisitetemeke, vikizeeka huvitupa. Mimi huviokota kama mtu aokotaye maembe.

Jirani yangu Ecodu, wa bodaboda, hakuniacha hata siku moja.

"Mwalimu, jeshi limefika wangapi sasa?"

"Wachache tu."

"Siku ukipindua nchi usinisahau. Mimi unipe wizara ya bodaboda."

Nilikuwa nacheka, nafunga mlango. Hao askari walikuwa furaha yangu, na sikumuuzia mtu hata mmoja. Tena risasi ni sumu. Si kitu cha kumpa mtoto, maana mtoto kila kitu hukipeleka mdomoni. Hilo nililishika kama amri.

Paddy nilimpata palepale kwa fundi wa matairi.

Nilikuwa nimechutama naokota, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Dada, risasi zote hizo unakwenda kupigana na nani?"

Nikageuka. Kijana mrefu, sare ya jeshi, begi begani, yuko likizo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika juu kidogo, kama ukurasa wa kitabu ambao mtu ameukunja asipotee. Nilitaka kujibu kitu cha maana.

Nilisema, "Hapana."

Akacheka mpaka fundi naye akacheka.

Ndivyo ilivyoanza. Alipowaona askari wangu kwa mara ya kwanza, alimshika mmoja, akamgeuzageuza.

"Winnie, huyu bunduki ameishika kama mwiko wa posho."

"Sijawahi kushika bunduki."

"Ngoja." Akasimama katikati ya chumba changu na ufagio, akanionyesha bega linavyokaa, goti linavyopinda, shingo inavyolala. Nami nikachukua udongo.

Yule ndiye aliyetoka bora kuliko wote. Sura yake, mabega yake, hata sikio lile lililokunjika. Nilipommimina akatoka bila kasoro, Paddy alimlaza kiganjani, akagusa sikio lake mwenyewe.

"Mimi huyu," akasema. "Hata mama yangu akimwona ataniita."

Nilimfundisha naye kumimina. Alikuwa na kosa moja ambalo hakuliacha kamwe: hakuwa na subira. Risasi ikianza tu kung'aa kwenye sufuria, yeye tayari ameinua kijiko. Nilimwambia, ngoja ipate moto sawasawa, isipopata moto itaganda njiani kabla ya kufika pembamba. Hakusikia. Kila askari wa Paddy alitoka na bunduki iliyokatika mdomo.

"Wangu wamerudi kutoka vitani," alikuwa akisema. "Wako ndio hawajakwenda."

Tukapendana. Alikuja Merikit kujitambulisha pamoja na baba yake mdogo, mzee Oguttu, kwa kuwa baba mzazi alishafariki. Wazee wakaelewana. Ng'ombe wa kwanza wa mahari akaletwa. Mama yake, ambaye wote tunamwita Mama Paddy, alinishika mashavu mbele ya watu, akasema, "Huyu hajui kudanganya. Kila kitu kiko usoni."

Niliona ni sifa. Nilitembea nayo wiki nzima kama nguo mpya.

Likizo iliyofuata, Paddy alikwenda kwao Lumino, karibu na ziwa, akaniahidi Jumapili atakuja Tororo.

Jumapili alikuja mzee Oguttu.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Binti yangu, kaa chini."

Nikakaa.

"Walivuka ziwa na Wanjala, ile mtoto ya shangazi yake. Wanakwenda ng'ambo ya Kenya. Upepo imepiga mtumbwi. Wanjala ameogelea. Paddy hapana."

Sikumbuki nilivyofika Lumino. Nakumbuka Mama Paddy akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kanga imemfunika uso. Nakumbuka Wanjala amekaa pembeni, haniangalii. Nilidhani ni aibu ya kupona peke yake.

Walitafuta mwili, waliniambia. Ziwa halikurudisha kitu.

Sasa kwa wale msiojua mila za huku: mtu akipotelea majini, hatuachi hivihivi. Kaburi linachimbwa, na badala ya mwili tunazika mgomba. Shina la mgomba linakatwa, linavikwa, linalazwa, linaitwa kwa jina la marehemu, linaliliwa. Hapo roho yake inapata pa kulala na waliobaki wanaweza kuendelea.

Lakini mzee Oguttu alinivuta kando.

"Wewe una ile sanamu ya Paddy. Ile ya chuma."

"Ndiyo, baba."

"Tunaitaka. Mama yake anataka kuzika sura yake, si mgomba. Na ile kitu unamiminia, ulete pia. Tunaivunja. Mtu akishazikwa, sura yake isibaki ikizaa nyingine."

Niliona ni haki. Niliona, jamani, hata ni heshima. Nilirudi Tororo, nikamfunga yule askari kwenye leso yangu ya kanisani, nikaibeba na kalibu yake, nikawapelekea.

Siku ya mazishi, mzee mmoja wa ukoo alinyanyua fimbo.

"Oguttu! Mgomba uko wapi? Toka zamani tunazika mgomba."

"Huyu alikuwa askari," Oguttu akajibu. "Azikwe kiaskari. Mke wake ametuletea sura kamili."

Watu walinong'ona. Mzee akasonya, akasema, "Haya, ni dunia yenu." Akakaa.

Waliponiita mke, nilivunjika. Nililia kilio ambacho sikujua kimo ndani yangu, mimi ambaye hata darasani nikiongea watoto wa nyuma husema, "Madam, hatusikii." Siku ile alisikia kila mtu. Wanawake walinishika kila upande. Akina mama wa kwaya walishindwa kuimba.

Mama Paddy alipotupa udongo, alisema neno moja tu: "Nenda, askari."

Jina la mwanawe hakulitaja. Nilidhani uchungu umelifunga kinywani.

Wakaninyoa. Kwa sababu ng'ombe alishafika kwetu, walisema nahesabika mjane. Nililala mkeka mmoja na Mama Paddy, namkanda mgongo, namlisha uji kwa kijiko. Nilimwambia, "Mama, mimi bado ni mtoto wako." Akanishika mkono akaubana sana. Hakunijibu.

Kisha wakaja wanajeshi.

Wawili, na gari. Paddy alikuwa hajaripoti kambini baada ya likizo, wakaja kuuliza. Mzee Oguttu aliwapokea, akawaonyesha kaburi. Sajenti mmoja, jina lake Olupot, alilitazama lile kaburi, akatazama wazee, akatazama upande lilikokuwa ziwa. Sura yake ilisema wazi kwamba hajaridhika.

"Mwili mliuona?"

"Ziwa haikutupatia."

"Sasa mmezika nini?"

Oguttu akageuka. "Winnie! Binti yangu, njoo."

Nilitoka ndani ya nyumba na kichwa changu kilichonyolewa, macho yamevimba.

Sajenti akanitazama. "Wewe ni nani wake?"

Nikaanza kujibu, jibu likageuka kilio. Nilipopata pumzi nilimweleza yote: upepo, mtumbwi, askari wa risasi, sikio lililokunjika. Nikamtajia nyumbani ni Merikit. Akanijibu kwa Kiteso, lugha ya kwetu, pole, dada yetu. Sauti ilikuwa imelainika.

Kisha akavua kofia. Wakasimama wote wawili mbele ya kaburi wima, wakapiga saluti.

Wakaondoka. Hawakurudi tena.

Miezi ikapita. Nilirudi kufundisha na kitambaa kichwani. Udongo sikuugusa. Ecodu aliacha kuniuliza kuhusu jeshi, na siku moja aliniletea parachichi mbili mlangoni, akaondoka bila utani wowote. Ndipo nikajua ninavyoonekana.

Likizo ya shule, mwalimu mwenzangu Daphine akanilazimisha twende Busia, tuvuke upande wa Kenya, tutembee sokoni. "Utaoza humo chumbani," alisema.

Tukavuka. Daphine akaingia kwenye mitumba, mimi nikabaki nazubaa mbele ya kibanda cha vitu vya watoto. Magari ya plastiki, marimba ya rangi, madoli yenye nywele za njano.

Na katikati yao, kwenye sahani ya bati, askari.

Niliinama.

Wa risasi. Urefu wa kidole cha kati. Sikio la kushoto limekunjika juu.

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji mgongoni.

Wazo la kwanza: Oguttu hakuvunja kalibu, ameiuza. Nikaudhika. Lakini risasi mpya hung'aa, na ikikaa hufifia ikawa ya kijivu. Hawa waling'aa. Walikuwa wamemiminwa juzijuzi.

Nikamshika mmoja mkononi, nikamgeuza kutazama bunduki.

Mdomo wa bunduki ulikuwa umekatika.

Nikamshika wa pili. Umekatika. Wa tatu hivyohivyo. Mtu aliyemimina hakuwa na subira ya kungoja risasi ipate moto.

Duniani kuna watu wawili tu waliowahi kumimina kwa kalibu ile. Mmoja alikuwa amesimama pale kibandani.

"Sasa, madam," mwenye kibanda akanisemesha, mama mnene mchangamfu. "Hao ni moto sana. Si plastiki hao, hawavunjiki. Watoto wanawang'ang'ania vibaya."

"Nani... nani anawatengeneza?"

"Ni shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu Sylvia. Msee wa kazi za mikono huyo, ingawa kutoka nje hapendi. Kutwa nzima ndani kama kuku anayeatamia." Akacheka. "Kwani unataka wengi?"

"Anaitwa nani?"

"Sydney."

Nilishusha pumzi. Nikajiambia, Winfred, umerukwa na akili, msiba umekuharibu.

Kisha mdomo wangu, huu mdomo mwoga, ukasema, "Nataka wengi. Naomba kumwona."

Yule mama, Metrine, alinielekeza vizuri kabisa, hata akaniambia mbwa haumi. Daphine nilimwambia naenda msalani. Mtaa sitautaja. Geti la mabati, ua mdogo, nguo za mtoto mchanga zimeanikwa mapema kabla mtoto hajafika. Mlangoni kulikuwa na jiko la mkaa na sufuria nyeusi. Harufu ile ya risasi inayoyeyuka niliijua kabla sijapiga hodi.

Alikuwa ameinama, kijiko mkononi, amenipa mgongo.

"Haijapata moto," nikasema.

Kijiko kikaanguka.

Aligeuka taratibu, kama mtu anayejua tayari. Amenenepa kidogo. Amefuga ndevu. Sikio lilelile.

"Winnie."

 Mnisamehe, ninyi mliotaka nimrukie. Nilikaa chini kwenye gogo.

"Nani amekuambia?"

"Wewe," nikasema, nikamwonyesha askari mkononi. "Bunduki zako."

Akajifuta jasho. Akatazama geti. Ndipo akaongea, haraka, kwa sauti ya chini.

Hakukuwa na upepo wala mtumbwi kupinduka. Wanjala alimvusha salama, akamshusha ng'ambo. Alikuwa hataki kurudi jeshini. Aliogopa. Alisema ameona mambo ambayo hawezi kuyaeleza. Lakini askari anayetoroka hutafutwa. Asiyetafutwa ni aliyekufa.

"Sasa mkanizika," akasema, karibu acheke.

"Mgomba je? Kwa nini mlikataa mgomba?"

"Mgomba ungeniua kweli, Winnie! Wewe unajua. Mgomba ukizikwa kwa jina la mtu aliye hai, mtu huyo hamalizi mwaka. Mama alikataa kabisa. Ndipo baba mdogo akasema, Winnie ana yule askari wake. Tuzike askari. Hatuziki Paddy, tunazika uaskari wake. Ndiyo maana mama hakutaja jina langu pale kaburini."

Nenda, askari.

Nilisikia maneno yale upya, na safari hii yalinipiga mahali pengine.

"Mama yako alijua."

Akaokota kijiko.

"Paddy, nilimlisha uji kwa kijiko. Mama yako alijua?"

"Alijua."

"Na Wanjala?"

"Ndiyo."

"Nani hakujua?"

Akaangalia chini. "Wewe."

Mkaa ulikuwa unalia kidogokidogo kwenye jiko.

"Kwa nini?"

"Ilibidi mtu mmoja alie kweli." Alisema hivyo kwa upole, kama anayenieleza jambo la faida yangu. "Watu wa ukoo wangeshuku. Jeshi lingeshuku. Mama akasema, Winnie hajui kudanganya, kila kitu kiko usoni. Akijua, tumekwisha. Asipojua, hata jiwe litaamini. Na kweli, Winnie, baba mdogo aliniambia yule sajenti alikuwa haamini chochote mpaka ulipotoka wewe. Machozi yako ndiyo yaliniokoa."

Akanitazama kana kwamba ameshasema asante na anangojea nimjibu karibu.

"Na kalibu? Walisema wanaivunja."

"Niliomba waniletee. Ningekaa humu ndani nikifanya nini?"

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Nilitaka kukuita baadaye. Mambo yalipotulia."

"Na hizo nguo za mtoto?"

"Mambo... yakatokea tu."

"Mambo si uyoga, Paddy. Hayaoti yenyewe."

Hapo geti likalia. Akaingia msichana mdogo kuliko mimi, tumbo liko mbele, kikapu cha sukuma wiki kichwani. Akaniona, akatabasamu, akakunja magoti kidogo kunisalimia, jinsi tulivyolelewa sote.

"Karibu, dada. Sydney, mgeni hata maji hujampa? Huyu ni nani?"

Nilimtazama Paddy. Kwa mara ya kwanza nikaona hofu ile aliyokuwa akiisema. Simu yangu ilikuwa mkononi. Kambi ya jeshi si kitu kigumu kukiulizia. Alijua, nami nilijua, kwamba neno langu moja lingemtoa pale mbele ya huyu msichana na kikapu chake.

"Ni mwalimu," akasema. "Amekuja kwa ajili ya askari."

Sylvia akanikalisha vizuri, akaniletea maji kwenye kikombe cha wageni. Akaniuliza nimetoka mbali? Akaniambia mimba inampa kiungulia. Nami, Mungu anajua, nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa kama mimi kabla ya Jumapili ile.

Nilisimama nikaichukua kalibu yangu pale kando ya jiko. Ilikuwa bado vuguvugu. Nikaipigiza kwenye jiwe la kufulia. Ikapasuka vipande, unga mweupe ukaruka mpaka kwenye sketi yangu.

"Dada!" Sylvia akashtuka. "Hiyo ndiyo kazi yake!"

"Risasi ni sumu," nikamwambia. "Mtoto akiweka mdomoni inamharibu akili polepole, na huyu anajua, nilimfundisha mwenyewe. Moshi wake nao ni mbaya kwako na huyo uliyembeba. Usikae karibu na jiko hili. Na mwambie dada yako awatoe wale kwenye sahani."

"Kumbe mnajuana?"

"Tulijuana," nikasema. "Alishakufa."

Nikatoka. Paddy hakunifuata getini. Mtu aliyekufa hatembei hovyo barabarani.

Sokoni nilipita kwa Metrine mwenyewe nikawanunua askari wote waliokuwa kwenye sahani, ili nisilale nikiwaza mdomo wa mtoto wa mtu. Daphine aliponiona na ule mfuko, alifurahi. Alidhani nimerudia starehe yangu.

Sikupiga simu kambini. Wengine mtaniita mjinga. Lakini nilipofikiria kupiga, nilimwona Sylvia na kikombe cha wageni, kidole kikakataa.

Nilichofanya ni kwenda Lumino. Nilitaka mtu mmoja tu aniombe radhi, na niliamua awe yule mama.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamsalimia kwa magoti, mazoea ni mabaya. Nikamwambia, "Mama, nimemwona."

Ungo ukasimama hewani. Kisha ukaendelea.

"Ni mzima?"

"Ni mzima. Anangoja mtoto."

Uso wake ukang'aa! Wallahi ukang'aa mbele yangu, akausahau kabisa uso wangu. Halafu akakumbuka, akaushusha. Akaweka ungo chini, akanishika mashavu kama siku ile ya kwanza.

"Winnie, ulimlilia vizuri mwanangu. Mungu atakulipa."

Hilo ndilo nililopata. Nilingoja lingine. Halikuja.

Nikarudi Tororo. Nikaenda Merikit, nikamweleza baba yangu. Mzee Opolot ni mtu wa maneno machache; aliswaga yule ng'ombe mwenyewe kwa miguu mpaka njiani, akampandisha lori, akamrudisha Lumino. Alipofika nyumbani alisema tu, "Wamempokea. Hawakuuliza kwa nini."

Nilidhani yameisha.

Wiki iliyopita simu ikalia. Mzee Oguttu. Sauti ya upole, kama vile hakuna kitu kilichowahi kutokea.

"Binti yangu, mwaka imekaribia. Tunafanya ukumbusho ya Paddy. Wazee wanauliza habari yako. Tena wanasema yule sajenti anaweza kuja, anakumbuka sisi. Usikose."

Sauti yangu haikutetemeka.

"Baba, mimi siji."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Nilidhani sasa atasema pole. Nilidhani atakasirika, atanitukana, lolote.

Alikuwa anafikiri.

"Sasa," akauliza, "nani atalia?"

Nikakata simu.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi wenye haya, ninyi ambao machozi yenu yako karibu: msione fahari mkiambiwa hamjui kudanganya. Anayekusifu hivyo ameshakupima. Amejua mzigo unaoweza kuubeba, na siku akiwa na uongo mzito asioweza kuubeba mwenyewe, ataufunga kwa kitambaa cheupe, atakuita mtoto wake, na atakutwisha wewe.